Ukuta upo, ufukwe haupo: tafuta chanzo kabla ya kumwaga zege

Kwenye fukwe nyingi za kaskazini mwa Dar es Salaam, maji yakipwa unaweza kusoma historia ya kiwanja bila kumuuliza mtu. Ukuta wa kwanza umelala kifudifudi mchangani, umeota chaza. Nyuma yake wa pili una ufa unaopitisha mkono. Nyuma ya huo, mafundi wanachimba msingi wa tatu, kina kilekile, zege lilelile, mchoro hakuna. Muulize mwenye kiwanja nini kiliangusha hizo mbili za mwanzo, atakwambia bahari ina nguvu. Ina nguvu, hatubishani, ila jibu hilo halimfai fundi kitu. Kuta za bahari huanguka kwa sababu chache zinazojulikana, na kila sababu huacha alama yake.

Mwongozo huu unafuata alama hizo. Tafuta dalili inayofanana na ya kwako, fanya kipimo kilichotajwa hapo, halafu ndipo uite roli la mawe. Jambo moja likumbukwe tangu mwanzo: ukuta hulinda kilicho nyuma yake. Mchanga ulio mbele haumo kwenye kazi zake, na mara nyingi ndio unaolipia gharama.

Kwanza: ni mmomonyoko kweli, au ni msimu?

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili. Kusi huanza mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa, huleta mawimbi makubwa kutoka kusini-mashariki na kwa jumla husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu, hurudisha sehemu ya mchanga huo. Ufukwe usio na tatizo lolote unaweza kuwa mwembamba mwezi wa saba na mpana mwezi wa pili. Anayenunua kiwanja mwezi wa pili, akajenga baa yake juu ya mchanga mweupe uliolala pale, ifikapo mwezi wa saba atalalamika kwamba bahari imemvamia. Bahari imerudi kwake tu.

Kwa hiyo pima, na upime mwaka mzima. Kifaa cha bei rahisi kuliko vyote ni vijiti viwili, njia iliyoelezwa na mwanajiolojia wa Marekani K. O. Emery mwaka 1961 na ambayo haijapitwa na wakati. Chukua vijiti viwili vilivyonyooka, kila kimoja mita 1.5, uvichore sentimita kwa rangi. Vifunge kamba ya mita 2 ili umbali kati yake usibadilike. Anza kwenye alama isiyohama, kama pembe ya nyumba au kigingi cha zege, kisha teremka kuelekea majini hatua kwa hatua. Aliye na kijiti cha nyuma alinganishe kwa jicho ncha ya kijiti cha mbele na mstari wa upeo, pale mbingu na bahari zinapokutana, halafu asome mstari huo unakata sentimita ngapi chini ya ncha ya kijiti chake. Hizo ndizo sentimita ambazo ardhi imeshuka katika mita 2. Andika, sogea, rudia mpaka kwenye maji. Fanya hivyo kila mwezi siku za bamvua, zile ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamekupwa kabisa, ukianzia alama ileile.

Ukitaka kuona miaka ya nyuma, picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth zinasaidia, kwa sharti moja: usilinganishe ukingo wa maji. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua kwetu hukaribia mita 4, na kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo ukingo wa maji huhama makumi ya mita kwa saa sita. Linganisha mstari wa majani na miti. Huo hauhamihami kwa siku moja.

Kama mchanga ulioondoka wakati wa kusi umerudi wote kaskazi ilipoingia, huna mmomonyoko. Una jengo lililowekwa mahali pasipo pake. Kama mizizi ya mvinje inaning'inia hewani, minazi imelala kuelekea baharini na ukingo wa majani unarudi nyuma mwaka hadi mwaka, endelea kusoma.

Mchanga mbele ya ukuta umeshuka, au umekwisha kabisa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ndiyo inayotafsiriwa vibaya zaidi. Watu husema mawimbi yanagonga ukuta na kurudi na mchanga. Ni kweli, ukuta uliosimama wima hurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya wimbi na kuuchimba mchanga ulio miguuni pake. Lakini mara nyingi hiyo si sababu kuu.

Sababu kuu ni kwamba pwani nzima inarudi nyuma, na ukuta wako umekataa kurudi nayo. Ufukwe ungependa kuhamia kule liliko bwawa lako la kuogelea, haupati nafasi, basi unazama. Ukuta ukiwa laini, ukiwa mgumu, ukiwa wa mawe au wa zege, matokeo ni yaleyale, tofauti ni ya miaka tu. Zaidi ya hapo, ule ukingo wa ardhi uliokuwa ukimomonyoka ulikuwa unautilia ufukwe mchanga. Ukishaufungia nyuma ya zege, umekata riziki ya ufukwe wako mwenyewe.

Kipimo: tembea mita mia mbili kila upande, ufike pasipo na ukuta. Kama kule nako ukingo wa majani umerudi nyuma sana, pwani yote inahama na tatizo lako ni kubwa kuliko kiwanja. Ruka hadi sehemu inayohusu asili ya mchanga. Kama kule ufukwe ni mpana na umetulia, basi ukuta wako umejengwa mbele mno, ndani ya eneo ambalo mawimbi ya kusi hulihitaji. Tiba yake ni chungu na hakuna mkandarasi atakayekupendekezea, kwa kuwa haina faida kwake: bomoa, rudi nyuma.

Usipoweza kurudi, badilisha umbo. Mteremko wa mawe uliolala kwa uwiano wa 1 kwenda juu na 2 au 3 kwenda mbele humeza nguvu ya wimbi kati ya mawe, ukuta wima huirudisha. Mteremko hautaleta mchanga uliokwisha, ila utapunguza uchimbaji. Kitu kisichosaidia kabisa ni kuongeza kimo cha ukuta, na ndicho kinachofanywa mara nyingi.

Kuna mahali ukuta ndio jibu sahihi, na ufukwe unaachwa uende. Barabara ya Barack Obama pale Dar es Salaam, ambako ukuta mpya ulikamilika mwaka 2018, haina pa kurudi. Ngome ya Yesu, Mombasa, nayo huwezi kuihamisha. Baa ya makuti unaweza.

Ukuta umeinama, umepasuka au umeanguka

Kabla ya kuondoa kifusi, angalia umeangukia upande gani na uulize ulianguka saa ngapi. Walinzi wa usiku hujua. Majibu haya mawili yanatosha kutenganisha sababu tatu ambazo tiba zake hazifanani hata kidogo.

Ukuta ulioteleza chini, msingi ukasogea baharini huku uwazi ukionekana chini yake, umechimbwa miguu. Kipimo ni koleo na maji yaliyokupwa: fukua mbele ya sehemu ambayo bado imesimama. Ukikuta chini ya msingi kuna maji au uwazi badala ya mchanga mgumu, umepata jibu. Kanuni ya kazi ambayo wahandisi wa pwani huanza nayo ni kwamba mawimbi huweza kuchimba mbele ya ukuta wima kina kinacholingana takriban na kimo cha wimbi lenyewe. Mawimbi ya mita 1 yakifika ukutani, msingi uwe angalau mita 1 chini ya usawa wa mchanga, na usawa unaohesabiwa ni ule wa kusi, wakati mchanga uko chini kabisa. Fundi akichimba mwezi wa pili atapimia kwenye mchanga ambao mwezi wa saba hautakuwepo. Penye mwamba wa matumbawe karibu na uso, shuka hadi mwambani na ung'ang'anie hapo. Pasipo na mwamba, tandaza mawe mbele ya mguu wa ukuta, tabaka pana na si rundo, ili mchanga ukichimbwa mawe yateremke yenyewe na kuziba shimo.

Ukuta ulioinamia baharini huku msingi wake ukiwa bado umefunikwa na mchanga, hasa ukiwa na tumbo au ufa wa mlalo katikati, haukuangushwa na bahari. Uliangushwa na maji yaliyo nyuma yake. Mara nyingi tukio hutokea maji yakiwa yanapwa: bahari imeshuka mita 3 ndani ya saa chache, lakini maji yaliyonyweshwa ardhi ya nyuma hayajapata pa kutokea. Maji ya kimo cha mita 2 yakizuiwa upande mmoja husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa uzito wa tani 2 hivi. Kimo kikiwa mita 1, msukumo ni robo ya huo. Masika huangukia mwanzoni mwa kusi, kwa hiyo mvua na bahari hushambulia pamoja na bahari hubeba lawama yote. Chunguza maji yanatoka wapi: mabomba ya paa yanayomwagia bustanini, karo lililochimbwa karibu na ukuta, bwawa linalovuja, majani yanayonyweshwa asubuhi na jioni. Matundu ya kutolea maji yawekwe kila mita 1.5 hadi 2, kwa bomba la plastiki la milimita 75, na nyuma ya kila tundu pawe na kokoto zilizofungwa kwa jiotekstaili, kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Tundu lisilo na chujio litatoa maji mwezi mmoja, kisha litatoa mchanga, na utahamia kwenye dalili inayofuata.

Ukuta ulioangukia nchi kavu ni nadra. Huonyesha kwamba udongo wa nyuma ulishaondoka, ukuta ukabaki peke yake kama kadi iliyosimamishwa mezani, wimbi likamalizia.

Ukuta mzima, lakini nyuma yake kuna mashimo

Vigae vya njia vinatitia, shimo linatokea kando ya mnazi, mtunza bustani anajaza kifusi, wiki mbili baadaye limerudi. Mchanga unatoka kupitia viungo vya ukuta au chini yake kila maji yanapopwa.

Subiri bamvua, simama mbele ya ukuta maji yakiwa yanateremka, na utazame vijito vinavyotoka kwenye nyufa. Maji safi hayana shida. Maji yenye mchanga ndiyo yanayobeba kiwanja chako. Weka alama ya rangi pale yanapotoka, kwani kesho yake ukiwa na fundi hutaona kitu.

Kumimina zege juu ya shimo ni kuficha tatizo. Uwazi utaendelea kukua chini ya zege hadi siku mtu au gari litakapokanyaga. Fukua mpaka kwenye kiungo kinachovuja, weka jiotekstaili, kisha tabaka za chujio. Kanuni ya chujio ni ya zamani, tangu enzi za mhandisi wa udongo Karl Terzaghi: chembe ndogo za tabaka la kokoto zisizidi mara 4 au 5 ya chembe kubwa za mchanga unaozuiwa. Ukiruka kutoka mchanga laini moja kwa moja hadi mawe ya ngumi, mchanga utapita kati ya mawe kana kwamba hakuna kitu. Mteremko wa mawe nao huugua hivihivi. Ukiuona unatitia katikati bila jiwe hata moja kuhama, chini yake hakuna chujio.

Jirani analalamika, au wewe ndiye jirani

Pembeni mwa kila ukuta kuna kona ambapo ardhi isiyo na ukuta huliwa haraka kuliko zamani. Mawimbi huzunguka ncha ya ukuta, na mchanga ambao ungetoka nyuma ya ukuta kulisha upande wa pili haupo tena. Tazama ncha zote mbili. Iwapo ile ya kaskazini ndiyo iliyochimbika zaidi, mchanga wako kwa jumla unasafiri kuelekea kaskazini, jambo la kawaida kwetu kwa kuwa kusi ina nguvu kuliko kaskazi. Hata hivyo usichukulie kuwa ni hivyo kila mahali. Nyuma ya kisiwa au karibu na mlango wa mwamba mkondo hugeuka.

Ukuta usikomee kwenye mpaka kwa pembe kali. Ncha zikunjwe kuelekea nchi kavu, mita kadhaa ndani ya ardhi ngumu, na kimo kipungue polepole kwa mawe yaliyolala. Hii hupunguza uchimbaji wa pale pembeni, haiuondoi. Na hapa ndipo mlolongo unapoanza: jirani naye anajenga, jirani wa jirani anajenga, mpaka wa mwisho ni shule au makaburi yasiyo na bajeti ya mfuko mmoja wa saruji.

Kunduchi na Bahari Beach ndiyo somo la karibu. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa enzi zake, iliachwa baada ya bahari kuishambulia. Hoteli nyingine zikajenga kuta na groini (kuta fupi zinazoingia baharini), kila moja mbele ya kiwanja chake. Wakati huohuo mchanga wa kujengea jiji ulikuwa ukichotwa kwenye mito ileile inayoulisha ufukwe huo, kama Mbezi na Tegeta. Watafiti wamelieleza hilo kwa miaka mingi. Kila mwenye hoteli alikuwa akigombania ufukweni mchanga ambao malori yalishauondoa juu mtoni.

Groini hazikamati mchanga, au zinakamata upande mmoja

Groini ni kuta fupi za mawe, magogo au zege zinazotoka ufukweni kuingia baharini, ili kuzuia mchanga unaosafiri sambamba na pwani. Hazitengenezi mchanga. Hugawa tu uliopo, na mgao wake si wa haki.

Kama upande mmoja mchanga umejaa hadi juu na upande wa pili kuna shimo, groini inafanya kazi barabara. Shida ni kwamba imenyima upande wa pili. Ilikuwa yapasa nafasi kati ya groini zijazwe mchanga wa kuletwa tangu siku ya kwanza, ili mchanga wa asili uendelee kupita bila kusubiri mashimo yajae. Jaza sasa, au punguza urefu na kimo cha groini ili mchanga upite juu yake maji yanapojaa.

Kama pande zote mbili hazina kitu, kuna uwezekano wa mambo matatu. Hakuna mchanga unaosafiri, kwa kuwa chanzo kimekatika. Au mchanga unapita katikati ya mawe, jambo utakalolithibitisha kwa kuangalia kama mawe ya ndani yana mchanga mpya kila baada ya maji kupwa. Au mawimbi yanafika kwa kunyooka, mchanga unaondoka kuelekea kina na si kando. Katika hali hii ya tatu groini haina msaada wowote, hata uzijenge kumi. Kinachoweza kusaidia ni kivunja mawimbi kilichojengwa mbali kidogo na ufukwe, sambamba nao, lakini hicho ni mradi wa mamilioni na si wa mtu mmoja.

Kama mchanga umechimbika kwa mfereji kandokando ya groini yenyewe, mkondo unakimbilia nje ukiufuata ukuta. Huko ni hatari kwa waogeleaji kuliko kwa jengo. Weka kibao leo, halafu ufikirie nafasi kati ya groini: kwa kawaida ziachane mara 2 hadi 3 ya urefu wake. Na zikijengwa nyingi, kazi ianzie upande mchanga unakoelekea, irudi kule unakotoka. Wengi hufanya kinyume, na groini ya kwanza inawanyima zote zinazofuata.

Mawe yanahama, gabioni zinakatika

Uzito wa jiwe linaloweza kusimama mbele ya mawimbi huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kimo cha wimbi. Wimbi likiongezeka maradufu, jiwe linatakiwa liwe zito mara 8. Watu hawaliamini hilo mpaka waone mawe yao yametawanyika hadi kwa jirani.

Kwa fomyula ya Hudson ya kukokotoa uzito wa mawe, ambayo ni ya kale lakini yatosha kwa makadirio, mteremko wa 1 kwa 2 unaopigwa na mawimbi ya mita 1 yanayovunjika unahitaji mawe magumu ya kilo 170 hivi kila moja. Mawimbi ya mita 2 yanahitaji zaidi ya kilo 1,300. Hapo ni kwa jiwe zito kama granaiti. Mawe ya matumbawe ambayo mafundi wetu wameyazoea ni mepesi. Yakiwa na kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, lile jiwe la kilo 170 linapaswa kuwa la karibu kilo 580. Sababu ni kwamba ndani ya maji kinachopigana na wimbi ni uzito unaozidi ule wa maji, na jiwe jepesi lina ziada ndogo mno. Jiwe linaloweza kubebwa na watu wawili halifai tabaka la juu popote pale kwenye pwani iliyo wazi.

Utajuaje mawimbi ya kwako ni ya kimo gani? Nyuma ya mwamba au kwenye maji mafupi, kina ndicho kinachoamua: wimbi huvunjika linapokaribia kimo cha zaidi kidogo ya nusu ya kina cha maji. Pima kina mbele ya ukuta maji yakiwa yamejaa siku ya bamvua, zidisha kwa 0.6 hadi 0.8. Hapo utaelewa pia kwa nini madhara hutokea siku chache tu za mwaka, bamvua ikikutana na kusi kali, na kwa nini kila sentimita ambayo mchanga unashuka mbele ya ukuta inakaribisha wimbi kubwa zaidi.

Gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, hupendwa kwa kuwa ni rahisi. Kwenye kingo za mito sina ugomvi nayo. Baharini chumvi hula waya na mchanga huusugua, hata ule uliovikwa plastiki. Ukiona nyaya za chini zimekatika, usihangaike kushona. Zichukulie kuwa za muda, panga mbadala wake, na uokote nyaya kabla hazijamchoma mtoto au kunasa kasa.

Zege linamenyuka, nondo zinaonekana

Hapa pafupi. Chumvi imefika kwenye nondo, kutu imevimba, zege limepasuka. Uliza kama mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi yalitumika kukorogea. Pima pia unene wa zege lililofunika nondo: chini ya milimita 50 baharini ni kidogo mno. Kupiga plasta juu yake ni kupoteza saruji. Kwa kuta fupi, zege nene lisilo na nondo kabisa huishi zaidi ya zege jembamba lenye nondo zilizokaa vibaya.

Pwani nzima inapungua: mchanga ulikuwa unatoka wapi?

Chukua mchanga kiganjani, utie kwenye glasi, mimina siki au ndimu. Ukitoa mapovu mengi, ni mchanga wa chokaa: vipande vya matumbawe, makombe, mwani wenye chokaa, na ule ambao pono husaga kwa kutafuna mwamba. Mchanga mweupe wa Diani, Jambiani na Nungwi ni wa namna hiyo. Usipotoa povu, au likiwa dogo, ni mchanga wa mtoni.

Jibu hilo linaamua pa kwenda. Mchanga wa mtoni ukipungua, panda na mto: tafuta machimbo ya mchanga, mabwawa, madaraja yaliyobana njia. Misri walilijua hili kwa gharama kubwa. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope la Nile lilikoma kufika pwani na rasi ya Rosetta ikaliwa kwa kasi. Ghana nayo ilishuhudia mji wa Keta, uliokuwa tayari ukihangaika na bahari, ukizidi kumomonyoka baada ya bwawa la Akosombo kuzuia mchanga wa mto Volta. Kinyume chake kiko Malindi, ambako mto Sabaki hushusha udongo mwingi hadi ufukwe ukapanuka, na wenye hoteli wakalalamika kwamba bahari imewakimbia.

Mchanga wa chokaa ukipungua, tazama mwamba. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Baruti za wavuvi na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa viliongeza jeraha. Mwamba uliokufa huvunjika na kushuka, maji juu yake huongezeka kina, na kama tulivyoona hapo juu kina kikubwa ni wimbi kubwa. Ukuta hautibu mwamba. Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa walitaga pale. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Ukataji wa miti yake ni kati ya sababu zilizotajwa.

Mchanga uliomwagwa umeondoka msimu mmoja

Karibu kila mara ulikuwa laini kuliko ule wa asili. Chekecha kiasi cha mchanga wa pale na kiasi cha ule ulioletwa kwa chekeche zilezile, kisha linganisha. Wa kuletwa uwe sawa au mkubwa kidogo. Mchanga wa shamba wenye udongo mwekundu hauna maisha baharini, na huchafua nyasi za bahari. Sababu ya pili ni kuuchota karibu mno, mbele ya ufukwe uleule, mawimbi yakaurudisha shimoni mwake.

Hata ukichagua vizuri, kujaza mchanga ni kazi ya kurudiwa. Uholanzi imekuwa ikilinda pwani yake kwa sera ya kujaza mchanga tangu mwaka 1990, na mwaka 2011 ilimwaga meta za ujazo milioni 21.5 kwa mkupuo karibu na The Hague ili mawimbi yausambaze yenyewe. Wana meli, wana mchanga chini ya Bahari ya Kaskazini, na wana bajeti ya kila mwaka. Hoteli moja isiyo na hivyo vyote iingize gharama hiyo kwenye matengenezo ya kawaida, pamoja na rangi na mabati.

Bamvua ni kesho na ukuta unatikisika

Ondoa watu na magari nyuma ya ukuta, mita 5 angalau. Zima umeme wa taa za bustani. Panga viroba vya mchanga mbele ya mguu wa ukuta, si juu yake, vikipishana kama matofali, juu ya jiotekstaili au turubai. Mchanga wa viroba uchotwe nyuma, kamwe usichotwe mbele ya ukuta, ingawa ndio ulio karibu. Fungua matundu ya maji yaliyoziba, na kama hayapo, toboa. Usimwage kifusi cha nyumba iliyobomolewa: nondo na vioo vitatawanyika ufukweni kwa miaka. Viroba vya kawaida huchakaa kwa jua ndani ya miezi, basi viondolewe bamvua ikishapita.

Kwa ujenzi wa kudumu, Tanzania Bara Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kibali hupitia kwenye tathmini ya athari kwa NEMC, chombo cha taifa cha mazingira. Chombo cha namna hiyo Zanzibar ni ZEMA, Kenya ni NEMA. Nenda na vipimo vyako vya vijiti vya mwaka mzima, picha za ncha zote mbili za kiwanja, matokeo ya siki, na jina la jirani wa kila upande aliyekubali au kukataa. Mhandisi akiona faili hilo atakuuliza maswali machache, na bei ya uchunguzi wake itapungua.